Pori Letu Lina Faili Hospitali: Historia ya Kupiga Kambi Serengeti, Upande Wetu wa Simiyu

SEHEMU YA 1: KAMBI IKO MLANGONI KWETU

Kiangazi kimeingia, na kila kiangazi vijana wananiuliza swali lile lile: "Sista, tunataka kwenda kupiga kambi Serengeti, tubebe dawa gani?" Swali zuri kabisa. Ila jibu lake ni refu, linaanzia miaka ya 1890, na nimeona nilipange kwa sehemu saba. Soma taratibu, chai pembeni.

Kwanza tujue tunaongelea wapi. Watu wengi wakisikia Serengeti wanawaza Arusha, magari ya watalii yanateremka Ngorongoro. Sasa sikia. Kutoka Bariadi mjini mpaka Lamadi ni lami, kama kilomita 70 tu. Pale Lamadi unakutana na barabara kuu ya Mwanza–Musoma. Ukikata kulia kuelekea Bunda, hujakaa sana kwenye gari unafika lango la Ndabaka. Hilo ni lango la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na upande wa pili wa barabara Ziwa Victoria linaonekana. Mzungu Speke alipoliona ziwa hili Mwanza, Agosti 1858, alilipa jina la malkia wake, na ghuba yetu hii baadaye ikapewa jina lake mwenyewe: Ghuba ya Speke. Sisi tulikuwa tunachota maji humo siku zote.

Hifadhi ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Mkono wake wa magharibi, ule wa mito Grumeti na Mbalageti, unanyooka mpaka kukaribia ziwa kabisa. Upande wetu wa kusini kuna Pori la Akiba la Maswa, linaloshikana na hifadhi. Na Busega kuna pori dogo la Kijereshi. Yaani mkoa wetu umeegemea pori kama mtu alivyoegemea ukuta wa nyumba yake.

Ninachotaka tuelewane katika sehemu hizi ni hiki: hilo pori ambalo watu wanalipa hela walale kwenye hema, halikuwa tupu tangu kuumbwa kwa dunia. Magonjwa ndiyo yaliyolipunguzia watu, na chanjo ndiyo iliyolijaza wanyama. Historia yake, kwa sehemu kubwa, ni historia ya afya.

SEHEMU YA 2: KAMBI ZA WAZEE WETU

Kuna watu wanasema kupiga kambi ni mambo ya wazungu. Hapana bhana.

Wasukuma walikuwa na safari za chumvi. Baada ya mavuno, nchi ikikauka na mito ikipitika, wanaume walijikusanya wakaenda Ziwa Eyasi kuchukua chumvi. Eyasi ni lile ziwa la magadi lililo mashariki, nyuma ya Meatu. Ilikuwa safari ya siku nyingi kwa miguu, inakatiza nyika yenye simba na yenye maadui, na mtu alirudi na mzigo kichwani. Walienda kwa makundi chini ya kiongozi, na safari ilikuwa na miiko yake. Mwaka 1938 jarida moja la Tanganyika lilichapisha makala kuhusu misafara hiyo, kwa hiyo si hadithi ya jikoni tu.

Walikuwepo pia wawindaji. Bayege waliwinda tembo. Banunguli waliwinda nungunungu. Bayeye walikuwa mafundi wa nyoka na dawa za sumu yake, na hadi leo ngoma zao unaziona kwenye sherehe. Hivi vilikuwa vyama hasa, vyenye mafunzo, siri na nidhamu. Mtu aliyelala porini alijua moto uwekwe wapi, upepo unatoka upande gani, maji yapi yanyweke, na mti gani unatibu nini.

Nayasema haya kwa sababu moja. Kijana wa Itilima akienda kulala porini leo asijione mgeni anayejaribu mambo ya watu. Ana ujuzi wa kurithi, ila umekatika katikati. Sasa tuone nini kiliukata.

SEHEMU YA 3: SOTOKA

Mwishoni mwa miaka ya 1880 ugonjwa wa ng'ombe uliingia Afrika kupitia pembe ya kaskazini-mashariki, kule Ethiopia na Eritrea. Ulishuka kusini haraka sana. Kufikia mwaka 1891 ulikuwa umeshafika kwetu. Huo ndio sotoka.

Sotoka ni kirusi, ndugu wa karibu wa kirusi cha surua. Ng'ombe anapata homa, machozi na kamasi, vidonda mdomoni, kuhara, halafu anakufa ndani ya siku chache. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki walikufa zaidi ya ng'ombe tisa katika kila kumi. Na haukuishia kwa ng'ombe. Nyati, nyumbu na twiga walikufa vilevile.

Hebu waza kwa akili ya Kisukuma: ng'ombe ndiyo benki, ndiyo mahari, ndiyo maziwa ya mtoto. Vyote vinaondoka msimu mmoja. Mwaka 1892 msafiri mmoja kutoka Austria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro na Serengeti akielekea huku kwetu ziwani. Aliandika kuhusu Wamaasai waliokuwa wanakufa njaa, watu waliobaki mifupa. Ndui nayo ilipita miaka ileile, na watu waliodhoofika kwa njaa hawakuwa na nguvu ya kupambana nayo.

Hapa ndo pa kushika vizuri. Ng'ombe wakiwepo, nyasi zinaliwa na vichaka vinabanwa. Watu wakiwepo, wanachoma moto kwa msimu, wanakata kuni, wanalima. Ng'ombe na watu wakiondoka, vichaka vinarudi. Na vichaka vikirudi, kuna mdudu mmoja anafurahi sana.

SEHEMU YA 4: MBUNG'O NA MALALE

Mdudu huyo ni mbung'o, wengine wanamwita ndorobo. Anapenda kivuli cha kichaka, anakunywa damu ya wanyama na ya watu. Anabeba vijidudu vinavyoleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu.

Malale yako ya aina mbili, na zote zimetupitia. Ya kwanza ni ile ya kando ya ziwa, inayoua taratibu kwa miaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 iliua watu zaidi ya laki mbili Uganda, hasa Busoga na visiwani. Mwaka 1906 Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu, alifika Mwanza kwa kazi hiyo kabla ya kuvuka kwenda visiwa vya Sese. Dawa aliyotumia iliitwa atoksili, ina arseniki ndani yake. Iliwasaidia baadhi kwa muda, na wengine iliwapofusha macho. Wagonjwa wetu wa Afrika ndio waliolipa gharama ya kujua kipimo chake.

Aina ya pili ni ya porini, inayotoka kwa wanyama na kuua haraka, ndani ya miezi. Hiyo mwaka 1922 ililipuka wapi? Maswa. Hapa hapa kwetu, wakati huo wilaya ya Maswa ikiwa kubwa kuliko unavyoijua leo.

Serikali ya Waingereza ilifanya mambo mawili. La kwanza, iliwaondoa watu kwenye vijiji vilivyotawanyika karibu na vichaka na kuwakusanya kwenye makazi makubwa yaliyofyekwa, ili mbung'o awakose. La pili, iliwapeleka watu kufyeka. Charles Swynnerton, mkurugenzi wa kwanza wa wanyamapori Tanganyika, aliongoza utafiti wa mbung'o kutoka Shinyanga, na maelfu ya Wasukuma walikata vichaka kwa shoka na moto. Hata mbung'o mmoja anayepatikana Serengeti amepewa jina lake kwa Kilatini. Swynnerton mwenyewe alifia kwenye ajali ya ndege mwaka 1938.

Kama muuguzi siwezi kusema kuwahamisha watu hakukuokoa maisha. Kuliokoa. Ila kila kijiji kilichohamishwa kiliacha nyuma shamba, kaburi, kisima na njia. Vichaka vikafunika, na miaka ilivyopita, mtu aliyefika na ramani aliona pori tupu.

SEHEMU YA 5: KALAMU INACHORA MPAKA

Wakati huohuo wawindaji wa kizungu walikuwa wameshaijua Serengeti. Mmarekani Stewart Edward White aliingia mwaka 1913, na baada ya Vita ya Kwanza wakaja wengi kupiga simba kwa mchezo. Hiyo nayo ni kambi: mahema makubwa, wapishi, wapagazi, bunduki. Simba walipungua mpaka Waingereza wenyewe wakashtuka. Mwaka 1921 wakazuia uwindaji sehemu ndogo, mwaka 1929 wakapanua. Mwaka 1951 Serengeti ikawa hifadhi ya taifa.

Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la peke yake, na Wamaasai waliokuwa ndani ya Serengeti wakahamishiwa huko. Mwaka huohuo, Januari, Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekuwa akihesabu wanyama kwa ndege pamoja na baba yake Bernhard, alikufa ndege yake ilipoanguka. Filamu yao ilishinda tuzo ya Oscar na kuifanya Serengeti ijulikane dunia nzima. Watu wa Ulaya waliiona nchi isiyo na watu, wakaamini ndivyo ilivyoumbwa.

Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa tayari huru, Maswa ikawa pori la akiba. Mpaka wake umesogezwa zaidi ya mara moja tangu hapo, na mnaoishi Meatu na Itilima mnajua vizuri maana ya mpaka: ng'ombe akivuka, anakamatwa.

Na msidhani jambo hili limeisha na wakoloni. Miaka ya hivi karibuni wakazi wa kata ya Nyatwali, wilaya ya Bunda, kilomita chache tu kutoka Lamadi, wamehamishwa kwa fidia ili eneo lao, lililo kati ya hifadhi na ziwa, liwe la wanyama. Sababu iliyotolewa ni ya kweli: kiangazi kikali mito ya magharibi inakauka, na tembo na nyumbu wanahitaji kufika maji ya ziwa. Na tembo walikuwa wakiharibu mashamba ya watu pale miaka nenda rudi. Lakini mvuvi au mama mwenye bustani aliyezaliwa ukingoni mwa ziwa naye alikuwa na sababu ya kweli. Miaka hamsini ijayo mtu atapiga kambi kwenye ufukwe ule na kusema "pazuri, pametulia". Mwambie mtoto wako palikuwa na watu, na wanaitwa watu wa Nyatwali.

SEHEMU YA 6: NANI ALIYEJAZA NYUMBU?

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inahusu chanjo.

Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa kama robo milioni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamefika milioni moja na laki tatu. Nini kilitokea hapo katikati?

Sotoka ilikuwa imebaki kwenye eneo hili tangu miaka ya 1890, kila mwaka ikiua ndama wa nyumbu na wa nyati. Kisha ikaja chanjo nzuri ya sotoka, iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake kule Muguga, Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 ng'ombe wa vijiji vinavyozunguka Serengeti walichanjwa. Hakuna aliyemkimbiza nyumbu na sindano. Walichanjwa ng'ombe tu, wa Wasukuma, wa Wakurya, wa Waikoma, wa Wamaasai. Na ghafla sotoka ikatoweka kwa nyumbu pia. Ikaonekana wazi kwamba wanyama wa porini hawakuwa na uwezo wa kuushikilia ugonjwa peke yao. Ulikuwa ukitoka kwa ng'ombe. Ng'ombe wakipona, pori linapona.

Kwa hiyo lile kundi la nyumbu ambalo dunia nzima inapanda ndege kuja kulitazama lilijengwa na wazee waliopanga ng'ombe wao foleni wachomwe sindano. Mchango huo haujaandikwa kwenye kibao chochote nilichowahi kuona getini. Sotoka yenyewe ilitangazwa kuisha duniani kote mwaka 2011, ugonjwa wa pili kufutwa kabisa baada ya ndui.

Ikatokea tena mwaka 1994. Simba wa Serengeti walianza kutetemeka na kufa. Walikufa kama theluthi moja, karibu simba elfu. Kirusi kilikuwa cha mbwa, na mbwa wengi wasiochanjwa walikuwa vijijini. Tangu hapo miradi ya kuchanja mbwa ikaanzishwa kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi, dhidi ya ugonjwa huo na dhidi ya kichaa cha mbwa. Anayefaidika ni simba, ndiyo. Lakini anayefaidika zaidi ni mtoto wako anayetumwa dukani jioni. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna dawa, na hakuna kifo kigumu kukitazama wodini kama kile. Siku wakija kuchanja mbwa kijijini, usimfiche mbwa wako eti watamlegeza asilinde boma. Mpeleke.

SEHEMU YA 7: SASA NENDA UKAPIGE KAMBI

Haya, mmesoma mpaka hapa, mmestahili jibu la swali lenu. Mtanzania analipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na mgeni, kwa hiyo kikundi cha watu sita wakichanga wanafika. Mwezi wa sita nyumbu wengi wanakuwa huku magharibi, upande wa Grumeti. Ukiingia mpaka Seronera katikati ya hifadhi kuna kambi za umma zenye majina ya kwetu: Pimbi, Nguchiro, Tumbili. Hazina uzio. Fisi anapita kati ya mahema usiku, na tembo pia. Kwa hiyo:

Chakula kisiingie kwenye hema, hata karanga za mtoto. Kuna mabanda ya jikoni na ya kulia, tumia hayo. Usiku ukibanwa haja, mulika tochi kwanza pande zote kabla hujatoka, na usiende mbali. Asubuhi kung'uta viatu, nge hana hodi.

Mbung'o: usivae bluu wala nyeusi. Rangi hizo zinamvuta, ndiyo maana utaona vitambaa vya bluu na nyeusi vimetundikwa porini kama mitego, vimewekewa dawa. Vaa kaki au rangi ya mchanga, mikono mirefu, kitambaa kizito. Anauma mchana na anapenda gari linalotembea, funga vioo mkipita vichakani. Dawa ya mbu ya kupaka haimzuii sawasawa.

Ukirudi, ndani ya wiki tatu ukapata homa, au jipu lenye maumivu pale ulipoumwa, nenda kituo cha afya. Na usiseme "nina malaria". Sema: "Nilikuwa porini Serengeti, niliumwa na mbung'o." Sentensi hiyo inaweza kuokoa maisha yako. Kipimo cha haraka cha malaria kikisema huna, omba damu iangaliwe kwa hadubini, kwa sababu vijidudu vya malale vinaonekana humo vikicheza. Mwaka 2001 watalii kadhaa wa Ulaya waliugua malale baada ya kutembelea hifadhi za Tanzania, Serengeti ikiwemo, hospitali za kwao zikahangaika kujua ni nini. Wagonjwa siku hizi ni wachache sana, na uchache huo ndio hatari yenyewe: mhudumu kijana anaweza asiwahi kumwona hata mmoja. Dawa zipo, na tangu 2024 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya feksinidazole kwa malale haya ya porini, mahali pa zile sindano kali za zamani. Lakini lazima uwahi.

Ziwani: jua la Lamadi linashawishi kuoga. Kwenye maji yaliyotulia yenye magugu kuna konokono, na kwenye konokono kuna kichocho. Mamba na kiboko sihitaji kuwaelezea. Kama uliogelea, baada ya wiki kadhaa nenda ukapime, dawa yake ni prazikwanteli na inapatikana.

Ukiumwa na mbwa, mbweha au fisi, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu kimbia kwenye chanjo siku hiyo hiyo. Usisubiri uone kama mnyama atakufa.

Na la mwisho. Mkiwa mmekaa pale jioni na moto wenu, mkubwa mmoja kwenye kundi awasimulie wadogo habari za misafara ya chumvi, ya sotoka, ya Maswa 1922, na ya ng'ombe waliochanjwa. Waambieni pia kwamba mpaka wa hifadhi unamzuia mchungaji lakini haujawahi kumzuia mbung'o wala kirusi, na ndiyo maana afya ya kijiji cha Meatu na afya ya simba wa Seronera zinaandikwa kwenye daftari moja. Anayepanga mambo ya pori bila kuuliza watu wa zahanati za pembeni yake anapanga nusu.

Safari njema. Mwenye chanjo ya mbwa ambayo bado hajaipeleka, anajijua.